Kipande Hakijafa: Maswali Tunayowauliza Waomba Kazi

Rafiki zangu wengi niliosoma nao sasa ni mabosi. Sisemi mabosi wa magari yenye vioo vyeusi, la hasha. Mmoja ana kampuni ndogo ya matangazo yenye watu sita, mwingine ana duka la dawa na msaidizi mmoja, mwingine anaongoza kitengo kwenye shirika na amepewa ruhusa ya kuajiri. Ni kizazi kile kile kilichozunguka Mtaa wa Samora na bahasha za kaki kikitafuta kazi. Leo kimekaa upande wa pili wa meza.

Nikisikiliza hadithi zao za usaili, kuna maswali matatu hayakosekani. La kwanza: ulikotoka ulikuwa unalipwa shilingi ngapi? La pili: bosi wako wa zamani anasemaje juu yako? Na la tatu, ambalo huulizwa kwa tabasamu kana kwamba ni sehemu ya salamu: wewe kwenu ni wapi?

Nimekuwa nikijiuliza maswali haya yametoka wapi, maana hakuna aliyetufundisha darasani. Katika kupekua historia ya ajira Afrika Mashariki, nimeyakuta yote matatu kwenye karatasi moja ya zamani. Karatasi hiyo iliitwa kipande. Leo naomba tuitazame kidogo, kwa sababu nadhani wengi wetu tunaitumia bila kujua.

Lakini tuanzie Bagamoyo. Kuna watu wanaodhani kwamba ajira ya makubaliano na malipo ililetwa hapa na serikali za kikoloni. Si kweli. Katika karne ya 19 maelfu ya wapagazi walikuwa wakisafiri kila mwaka kati ya pwani na Tabora, Ujiji na kwingineko, na kazi yao ilikuwa na taratibu zake zinazojulikana. Mfanyabiashara Sewa Haji Paroo, yule ambaye jina lake liko kwenye jengo pale Muhimbili hadi leo, alitajirika Bagamoyo kwa kuuza bidhaa na kuwatafutia wasafiri wa Kizungu wapagazi.

Usaili wa wakati ule ulikuwaje? Yalikuwa mazungumzo ya pande mbili. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Malipo yalikuwa ya safari nzima au ya mwezi, na wengi walidai sehemu kabla ya kuondoka. Kisha kulikuwa na posho, chakula cha njiani au kitambaa cha kubadilishana na chakula. Ndilo neno hili hili ambalo kila mhudhuria semina wa mjini analijua vizuri! Mwajiri akizidisha mzigo au akipunguza posho, wapagazi walitua mizigo chini na msafara ukasimama. Na habari zilitembea. Kiongozi wa msafara aliyejulikana kwa viboko na njaa alipata tabu kupata watu safari iliyofuata. Kwa maneno mengine, mwajiri naye alikuwa akisailiwa.

Sitaki kuipaka rangi nzuri kuliko ilivyokuwa. Kati ya wapagazi wale walikuwemo watumwa ambao mabwana zao walichukua sehemu ya malipo, na wengi walifia njiani kwa ndui na njaa. Ninachosema ni kimoja tu: mpagazi huru wa Kinyamwezi alipokutana na mwajiri, alikuwa na cha kuuliza na alikuwa na uwezo wa kukataa. Nguvu hiyo ndiyo iliyokuja kuvunjwa baadaye.

Sasa twende Kenya. Reli ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na kazi hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na Wahindi zaidi ya 31,000 walioletwa kwa mikataba. Baada ya reli wakaja walowezi. Walipewa ardhi kubwa sana, lakini ardhi bila mikono ni pori. Wenyeji wengi hawakuona sababu ya kuacha mashamba na mifugo yao kwenda kulima kahawa ya mtu kwa ujira mdogo. Serikali ikatumia kodi ya nyumba kuwasukuma watafute fedha taslimu. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1906 ikafanya kumwacha mwajiri kabla ya muda kuwa kosa la jinai. Soma tena hapo. Kuacha kazi ilikuwa jinai.

Hata hivyo watu waliendelea kuondoka. Mtu anafika shambani, anaona chakula kibaya, anapigwa, mshahara unacheleweshwa, usiku anachukua blanketi lake na kutoweka. Kesho yuko shamba jingine kwa jina jingine. Mwajiri mwenye akili angejiuliza: kwa nini wananikimbia mimi na kwa jirani wanabaki? Lakini swali hilo lina gharama, kwa sababu jibu lake linaweza kuwa ni kupandisha mshahara. Walowezi wakachagua njia rahisi zaidi. Wakaiomba serikali itafute namna ya kumtambua kila Mwafrika popote alipo.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa sheria ya kuwasajili wenyeji, mwaka 1915. Vita Kuu ya Kwanza ikaichelewesha, na utekelezaji wake ukaanza hasa mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea alitakiwa kujisajili, kutoa alama za vidole na kutembea na kipande chake kila aendapo nje ya eneo la kwao. Kiliwekwa ndani ya kikopo kidogo cha bati na kuning'inizwa shingoni kwa kamba. Kuna Wakikuyu waliokiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Jina hilo linatosha kueleza walivyojisikia. Kukutwa huna ni faini au jela.

Ndani ya kile kikopo kulikuwa na nini? Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana ndipo maswali yetu matatu yalipo.

Kulikuwa na kabila na mahali mtu alikotoka. Mwajiri alikuwa na nadharia zake tayari: kabila hili ni la ng'ombe, lile ni la jembe, lile ni la jikoni, lile lina ujanja mwingi. Kabla mtu hajafungua kinywa kueleza anachoweza kufanya, karatasi ilikuwa imeshamwekea kazi.

Kulikuwa na mshahara aliolipwa kazi iliyopita. Fikiria maana yake. Umefanya kazi kwa mtu bahili aliyekulipa kidogo kwa sababu ulikuwa na shida ya kodi. Mwaka unaofuata unakwenda shamba lenye uwezo zaidi, umejifunza kazi, unajua kuendesha mashine. Unataka kutaja bei yako. Mwajiri mpya hakuulizi unataka ngapi. Anafungua kikopo shingoni mwako na kusoma bei aliyokupa yule bahili. Mazungumzo yamekwisha hapo. Shida yako ya mwaka jana imegeuka kuwa thamani yako ya mwaka huu.

Na kulikuwa na sahihi ya mwajiri wa mwisho, kuonyesha tarehe ya kuanza na tarehe ya kuachiliwa. Asiposaini, kwa mujibu wa karatasi wewe bado ni mtu wake, na yeyote atakayekuajiri anaajiri mtoro. Bosi mwenye kinyongo hakuhitaji kukufukuza wala kukushitaki. Alihitaji tu kuacha nafasi moja wazi kwenye karatasi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 watumishi wa nyumbani wakaongezewa na kijitabu chao, ambamo bosi aliandika maoni yake kuhusu tabia ya mtumishi. Anaandika mmoja, anasoma mwingine, na anayeandikwa mara nyingi hakujua kusoma Kiingereza kilichoandikwa.

Watu hawakukaa kimya. Harry Thuku, kijana aliyewahi kufanya kazi ya kupanga herufi kwenye kiwanda cha gazeti jijini Nairobi kabla ya kuwa opereta wa simu serikalini, alianza kuwakusanya vijana wenzake mwaka 1921. Mwaka huo waajiri walikuwa wamekubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Madai ya Thuku na wenzake yalikuwa ya vijana wa mjini waliosoma kidogo na kuajiriwa: mshahara urudi, kodi ishuke, kipande kiondoke. Tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi alikofungiwa. Wanawake, akiwemo Muthoni Nyanjiru, ndio waliowasukuma wanaume wasirudi nyuma. Polisi walifyatua risasi na watu zaidi ya 20 wakafa, Nyanjiru akiwa mmoja wao. Thuku akapelekwa uhamishoni kwa karibu miaka tisa.

Kipande kiliendelea kwa robo karne nyingine. Mwaka 1947 ndipo ikapitishwa sheria mpya ya usajili wa watu wote bila kujali rangi. Na hapo kukatokea kituko. Walowezi waliposikia kwamba na wao watatakiwa kutoa alama za vidole, walipiga kelele kwamba ni udhalilishaji. Ama kweli, adhabu ya kaburi aijuaye maiti! Hadi leo Mkenya akipoteza kitambulisho chake cha taifa husema amepoteza kipande. Neno limebaki.

Na sisi Tanganyika? Kwetu neno hilo hilo lilikuwa na maana yake. Tangu wakati wa Wajerumani, huko Usambara mwaka 1907, palianzishwa kadi iliyomtaka mwanamume afanye kazi siku 30 kwa Mzungu katika kila miezi minne. Wakati wa Waingereza, kipande kwenye mashamba ya mkonge kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Ukimaliza kazi uliyopimiwa siku hiyo, msimamizi anaweka alama. Zikitimia 30 ndipo unalipwa. Kumbuka, ni siku 30 za kazi zilizokubaliwa, siyo mwezi wa kalenda. Ukiumwa, au mnyapara akisema kazi ya leo haikutimia, siku haihesabiwi, na mwezi wako unakuwa mrefu kuliko mwezi wa watu wengine.

Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge wakaunda chombo chao cha kutafuta wafanyakazi, SILABU. Mawakala wake walikwenda mbali, Kigoma, Songea, hadi Ruanda-Urundi. Hapo sasa ndipo tunapofika kwenye ofa ya kazi. Wakala alikutana na kijana kijijini kwake, akamweleza habari za Tanga na mshahara. Daktari akampima, maana usaili wenyewe ulikuwa ni wa mwili. Akapewa namba, akapanda lori na treni. Kutokana na namba hiyo tukapata neno manamba, ambalo wazee wetu walilitamka kwa huruma na kwa dharau kwa pamoja. Kijana akishafika shambani, maelfu ya hatua kutoka kwao, ndipo anapojifunza mwezi una siku ngapi. Ahadi aliyopewa kijijini na kadi aliyopewa shambani ni vitu viwili. Angerudije?

Naomba msomaji usidhani nasema rafiki yangu mwenye kampuni ya watu sita ni mlowezi. Hapana. Yeye hana sheria ya kumfunga mtu aliyeacha kazi, na hana mnyapara. Lakini tazama maswali yake tena.

Anapomwambia mwombaji alete salari slipu ya mwezi uliopita, anafungua kile kikopo cha bati. Hatafuti kujua kazi yake ina thamani gani. Anatafuta kujua mtu huyu amezoea kupunjwa kiasi gani, ili aongeze kidogo juu yake. Nilipomuuliza alinijibu, "Kaka, bajeti yenyewe ndogo." Sawa, bajeti ni ndogo. Basi itaje! Kama nafasi ina laki nane, sema laki nane kwenye tangazo, asiyeitaka asipoteze nauli. Huko Marekani jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria mwaka 2016, ikaanza kutumika 2018, inayomkataza mwajiri kudai historia ya mshahara kabla hajatoa ofa. Hoja yao ilikuwa kwamba wanawake waliopunjwa kazi ya kwanza hubeba upunjaji huo hadi kustaafu. Thuku angewaelewa bila mkalimani.

Anapompigia simu bosi wa zamani kabla hata hajamsikiliza mwombaji, amemrudishia yule bosi kalamu. Sikatai wadhamini. Kuna kazi za fedha, za watoto, za dawa, na lazima mtu aulizie. Lakini kuna tofauti kati ya kuuliza "alifanya kazi gani, kuanzia lini hadi lini" na kuuliza "huyu ni mtu wa namna gani". Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 imeliona hili. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi chenye majina, tarehe, aina ya kazi na mahali pa kazi, lakini haimlazimishi kuandika lolote kuhusu tabia au utendaji. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo inampa mfanyakazi haki ya cheti cha utumishi. Siamini kwamba hayo yameingia kwa bahati tu, katika nchi zilizowahi kuona bosi akimfunga mtu kwa kutokusaini.

Na lile swali la "kwenu ni wapi"? Sheria hiyo hiyo ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya kabila, mahali mtu alikotoka, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu na mengineyo, na imesema wazi kwamba mwombaji wa kazi naye analindwa. Sheria ya Kenya inasema vivyo hivyo. Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005. Kwa hiyo binti anayeulizwa kwenye usaili kama ana mpango wa kuzaa karibuni, anaulizwa swali ambalo jibu lake halipaswi kuamua chochote. Sasa kama haliamui, linaulizwa la nini?

Najua jibu nitakalopewa: waombaji ni wengi mno. Ni kweli. Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 walikusanyika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Picha ile ya vijana waliojaza majukwaa ya mpira wakiwa na kalamu mkononi haijanitoka. Mwajiri aliyepata watu 300 kwa nafasi moja anaweza kujiuliza, heshima ya nini? Akikataa huyu, yupo mwingine mlangoni.

Lakini hapa ndipo historia inanishangaza. Mlowezi wa 1920 alikuwa na shida iliyo kinyume kabisa. Wafanyakazi walikuwa adimu, na uchache wao ulipaswa kuwapa nguvu ya kudai zaidi. Akaandika sheria ya kuwanyang'anya nguvu hiyo. Leo wafanyakazi ni wengi, na tunasema wingi wao unatupa ruhusa ya kutowaheshimu. Wakiwa wachache tunawafunga, wakiwa wengi tunawapuuza. Inaonekana sababu haikuwa idadi hata siku moja.

Na mtu anayeajiriwa kwa hofu haachi kuwa na macho. Yule wa 1920 alitoroka na blanketi lake usiku. Wa leo anabaki ofisini, anafanya kinachomtosha asifukuzwe, na mchana anatuma maombi kwingine kwa kutumia intaneti ya bosi. Bosi anakaa analalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana uaminifu. Ni lile lile swali la mlowezi, kwa nini wananikimbia, na bado hatutaki kusikia jibu lake.

Kwa hiyo kwa wale wenzangu mtakaokaa nyuma ya meza mwezi huu, nina machache. Andikeni maswali mapema na muulize kila mtu yale yale. Utafiti wa miaka mingi kuhusu usaili umeonyesha kwamba njia hiyo hutabiri utendaji vizuri kuliko soga la kila mtu na bahati yake. Kila msaili aandike alama zake kabla hamjaanza kujadiliana, ili mkubwa asiwaambukize wengine. Mpeni mwombaji kazi ndogo inayofanana na kazi yenyewe, na kama mtaitumia, mlipeni. Mwacheni naye aulize, na akiuliza mshahara msimwone ana tamaa. Mpagazi wa Bagamoyo aliuliza.

Kisha mkimpata mnayemtaka, mpeni ofa kwa maandishi. Kifungu cha 15 cha sheria ya 2004 kimetaja mambo ya kuandika: kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali, saa za kazi, mshahara na namna unavyokokotolewa. Andikeni kama kiasi hicho ni kabla au baada ya makato. Mpeni siku kadhaa akasome nyumbani, aulize watu wake. Kama kuna kipindi cha majaribio, semeni kina urefu gani na kinapimwa kwa nini. Wahenga walisema ahadi ni deni, na ahadi isiyoandikwa ndiyo iliyomfikisha manamba Tanga akiwa na hesabu moja ya mwezi na mnyapara akiwa na nyingine.

Na wale mliowakosesha, watumieni ujumbe. Mstari mmoja unatosha. Mtu aliyesubiri simu yenu wiki tatu bila kwenda popote amewakopesha muda wake, na hana karatasi yoyote ya kuwadai.